Malipo ya Uzeeni kwa Waliofanya Kazi Ng'ambo

Katika sehemu za Litein, toka Kapkatet mpaka Roret na Cheborge, ni vigumu siku hizi kupata ukoo usio na mtu aliyevuka bahari kutafuta kazi. Huyu yuko Riyadh akitunza nyumba ya watu, yule analinda mlango wa hoteli Doha, mwingine ni muuguzi Uingereza, na mwingine ameanza kujifunza Kijerumani ili aende Ujerumani. Fedha wanazotuma twaziona: karo za shule, ng'ombe wa maziwa, nyumba za mawe kando ya barabara ya Sotik, na miche mipya ya chai. Lakini iko fedha nyingine ambayo haionekani, nayo ndiyo tutakayoieleza mwezi huu. Ni ile ambayo mtu hujiwekea haki yake kidogo kidogo kila mwezi afanyapo kazi, ili alipwe atakapokuwa mzee. Wengi huirudisha nyuma bila kujua, kwa kutia sahihi karatasi moja tu, au kwa kurudi nyumbani mwaka mmoja mapema.

Watu wengi hudhani kwamba miaka ya kazi humfuata mtu kama kivuli chake. Sivyo. Kila nchi huhesabu miaka yake yenyewe, kwa sheria yake yenyewe. Miaka sita ya Kericho, mitano ya Qatar na tisa ya Uingereza ni miaka ishirini ya jasho, lakini mbele ya karani wa malipo ya uzeeni si ishirini. Ni sita, na mitano, na tisa, na huenda kila fungu likaonekana fupi mno lisitoshe kitu.

Ziko nchi zilizopatana juu ya jambo hili. Nchi mbili zikiwa na mkataba wa namna hiyo, miaka ya huku huweza kuunganishwa na ya kule ili mtu atimize masharti, kisha kila nchi hulipa sehemu yake. Kenya haina mkataba wa namna hiyo na Uingereza, wala na Ujerumani, wala na Marekani. Makubaliano yaliyotiwa sahihi na Uingereza mwezi wa Julai 2021 yalihusu kuajiri wauguzi na watumishi wa afya. Na yale ya Berlin ya tarehe 13 Septemba 2024 yalihusu njia ya Wakenya kwenda kufanya kazi Ujerumani. Yote mawili yana manufaa, lakini hayakuwa mikataba ya kuunganisha miaka ya pensheni. Kwa hiyo mtu asidanganywe na neno "makubaliano".

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki, na wazee wetu walilionja. Wakati wa Jumuiya ya zamani, iliyoanza mwaka 1967, reli ilikuwa moja kwa nchi tatu. Kijana aliyepanda gari la moshi katika stesheni ya Lumbwa, iitwayo Kipkelion sasa, aliweza kuandikwa kazi Nairobi akapelekwa Tabora au Kampala, na hakujiona kuwa amekwenda ng'ambo hata kidogo. Mwajiri alikuwa mmoja na malipo ya uzeeni yalikuwa mamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wafanyakazi wakarudi kwao, na swali likabaki: nani atawalipa?

Jibu lilikawia miaka saba. Tarehe 14 Mei 1984, huko Arusha, nchi tatu zilitia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, na ndani yake zikakubali kwamba kila nchi itawalipa raia wake haki zao za pensheni. Hata hivyo kukubali si kulipa. Katika Tanzania, waliokuwa watumishi wa Jumuiya walikwenda mahakamani, na ilikuwa mwaka 2005 serikali yao ilipopatana nao, watu zaidi ya 31,000. Toka 1977 hata 2005 ni miaka 28. Mtu aliyerudishwa nyumbani akiwa na miaka 45 alikuwa amefika 73, kama alikuwa bado yu hai. Ikiwa mashirika ya serikali tatu jirani, zenye lugha moja, yaliweza kuleta taabu hiyo, yafaa mtu aendaye mbali zaidi ajipange mwenyewe mapema.

Sasa tutazame nchi ambako watu wetu wengi huenda, kwa maana sheria zake hazifanani.

Nchi za Ghuba tutazieleza wazi: mgeni aliyeajiriwa huko hapati malipo ya uzeeni ya kila mwezi. Kule Saudia mwajiri wa kampuni humlipia mgeni bima ya ajali za kazini, lakini fungu la pensheni ni la raia. Badala yake mgeni hupewa kiinua mgongo anapomaliza kazi, yaani fedha za mara moja. Kwa mfanyakazi wa kampuni huko Saudia, hesabu ni nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Aliyefanya kazi miaka minane hupata mishahara ya miezi mitano na nusu. Lakini akiwa ameacha kazi kwa hiari yake kabla ya kutimiza miaka kumi, hupata theluthi mbili tu za hesabu hiyo. Akiacha kabla ya mitano, theluthi moja. Na kabla ya miwili, hapati kitu. Mtumishi wa nyumbani ana sheria yake mbali, nayo ni ndogo zaidi: mshahara wa mwezi mmoja baada ya kumtumikia mwajiri yule yule miaka minne mfululizo. Basi dada aliyekaa miaka mitatu na miezi kumi, akachoka akarudi, ameacha mshahara mzima mezani kwa ajili ya miezi miwili. Hatusemi mtu avumilie mateso kwa ajili ya mshahara mmoja. Twasema ajue anachokiacha.

Qatar kiinua mgongo si chini ya mshahara wa majuma matatu kwa kila mwaka, na sheria ya mwaka 2017 iliwapa watumishi wa nyumbani kipimo hicho hicho. Tuseme mtu analipwa riali 1,000 kwa mwezi. Majuma matatu ni kama riali 700, kwa hiyo miaka mitano ni riali 3,500. Katika Falme za Kiarabu, mfanyakazi wa kampuni hupata mshahara wa siku 21 kwa mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa miaka inayofuata. Angalieni pia kwamba Qatar na Falme za Kiarabu hesabu hufanywa juu ya mshahara wa msingi. Kampuni ikiandika mshahara wa msingi mdogo na marupurupu makubwa, mtu hufurahia jumla kila mwezi na kulia siku ya kuondoka. Hilo lisomwe katika mkataba kabla ya kutia sahihi, wala si katika ndege.

Sasa Uingereza, ambako mambo ni marefu zaidi na hasara zake ni kubwa zaidi.

Kule kila mfanyakazi hukatwa mchango wa bima ya taifa, awe mwenyeji au mgeni. Kwa sheria iliyoanza tarehe 6 Aprili 2016, mtu ambaye hesabu yake yote ni ya tangu siku hiyo huhitaji miaka 35 ya michango ili apate pensheni kamili ya serikali, na huhitaji angalau miaka 10 ili apate chochote. Akiwa na miaka 10 hupata sehemu 10 katika 35. Akiwa na miaka 9 hapati hata peni moja, na michango yake hairudishwi. Hapa ndipo twaomba kila mzazi mwenye mtoto Uingereza asome mara mbili. Pensheni kamili ya mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Sehemu 10 katika 35 ni karibu pauni 66 kwa wiki, maisha yote tangu umri wa malipo. Umri huo ulikuwa miaka 66, na kuanzia Aprili 2026 uliwekwa kupanda kidogo kidogo hata ufike 67 mwaka 2028. Kwa hiyo mtoto akiandika kwamba amechoka na baridi na yu karibu kurudi, mwulizeni kwanza: umefikisha miaka mingapi ya michango? Hesabu hiyo yaweza kuonwa katika kumbukumbu za serikali ya huko kwa namba yake ya bima ya taifa. Iko pia njia ya kulipia miaka iliyopungua kwa hiari, lakini masharti yake hubadilishwa, hasa kwa mtu aishiye nje ya nchi hiyo. Aulize kabla ya kupanda ndege.

Liko jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Pensheni hiyo ya serikali hulipwa hata kwa mtu aliyerudi kuishi Kenya, ila haiongezwi. Wenzake walioko Uingereza huongezewa kila mwaka, lakini ya kwake hubaki pale pale ilipoanza, hata bei ya sukari ipande namna gani. Na sababu ni ule mkataba usiokuwapo. Muuguzi wa Ufilipino aliyefanya kazi wodi moja na muuguzi wa Litein, kwa miaka ile ile, akirudi kwao huongezewa kila mwaka, kwa kuwa nchi yake ina mkataba na Uingereza. Ufilipino haikuishia hapo: kwa sheria ya mwaka 2018 iliwalazimisha watu wake walioko ng'ambo kuchangia hazina ya uzeeni ya nyumbani. Sisi twaona hilo ni jambo la kuigwa, na viongozi wanaozungumza na mataifa juu ya ajira wangefanya vyema kuliuliza swali la pensheni katika mazungumzo yale yale, kabla ya ndege ya kwanza kujaa.

Zaidi ya pensheni ya serikali iko ile ya kazini. Muuguzi wa hospitali za serikali huingizwa katika chama cha pensheni cha NHS. Akitimiza miaka miwili, haki yake hukaa ikimngoja. Mtunza wazee katika nyumba ya mtu binafsi naye, akiwa na umri wa miaka 22 au zaidi na mshahara unaopita pauni 10,000 kwa mwaka, sharti mwajiri amwandike katika mfuko wa pensheni, na mwajiri mwenyewe atie angalau sehemu 3 katika mia ya mshahara unaohesabiwa. Mfanyakazi ana ruhusa ya kujitoa. Hapo vijana wetu wengi hujitoa mara moja, wakisema kwamba fedha hiyo yafaa itumwe nyumbani. Twajua uzito wa karo na wa deni la safari. Lakini anayejitoa hurudishiwa fungu lake tu, na fungu la mwajiri huwa limekwenda. Ni kama mkulima anayekataa mbolea ya bure kwa kuwa hataki kununua gunia la pili.

Ujerumani mchango wa uzeeni ni sehemu 18.6 katika mia ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Haki ya pensheni huanza baada ya miezi 60. Aliyerudi Kenya mapema aweza kuomba kurudishiwa michango yake baada ya kupita miezi 24 tangu aache kuchangia, akiwa anaishi nje ya Jumuiya ya Ulaya. Lakini atarudishiwa nusu yake tu, wala si ile ya mwajiri, na akishapokea, miaka yake yote hufutwa. Kijana aliye na miezi 50, ambaye huenda akarudi huko kufanya kazi tena, asikimbilie fedha hizo. Mche wa chai hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa sawasawa, na hakuna mkulima wa Litein aung'oaye mwaka wa pili kwa kuwa haujatoa majani.

Kwa Marekani neno ni fupi: mtu huhesabiwa alama nne kwa mwaka, asizidi, na huhitaji alama 40, yaani karibu miaka kumi ya kazi iliyolipiwa kodi. Kazi za kificho zinazolipwa mkononi hazihesabiwi.

Kwa majirani zetu, Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya mpya, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, yasema katika kifungu cha 10 kwamba mfanyakazi kutoka nchi mwanachama apate haki za hifadhi ya jamii kama zile wapatazo wafanyakazi wa nchi alimo. Kwa hiyo mwalimu wa Kericho aliye Kampala ana haki ya kuandikwa katika hazina ya Uganda, ambako mwajiri hutoa sehemu 10 na mfanyakazi 5. Kuchangia ni jambo moja na kuunganisha miaka ni jambo jingine. Kanuni za kuunganisha zimezungumzwa mara nyingi, na asitokee mtu kuweka maisha yake juu ya mazungumzo. Tanzania pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Mkenya mwenye mkataba wa miaka mitatu huko afanye hesabu zake akilijua hilo.

Baada ya hayo yote, msomaji ataona kwamba hazina iliyo ya hakika zaidi kwa mtu wa Ghuba, na ya kumsaidia mtu wa Ulaya, ni ile ya nyumbani. Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, iitwayo NSSF, ilianzishwa mwaka 1965. Aliyefanya kazi katika mashamba makubwa ya chai, hata kwa miaka michache kabla ya kusafiri, huenda ana akiba yake humo. Zamani mchango ulikuwa Sh. 200 za mfanyakazi na Sh. 200 za mwajiri kwa mwezi. Tangu Februari 2023 sheria ya 2013 ilipoanza kutumika, umekuwa sehemu 6 katika mia kwa kila mmoja, juu ya mshahara uliowekewa kipimo. Kwenda ng'ambo hakufuti akiba hiyo. Hukaa pale ikipata faida yake, na mwenyewe aweza kuendelea kuchangia kwa hiari, hata kwa simu. Mama aliye Doha akiweka Sh. 1,000 kila mwezi kwa miaka mitano, ameweka Sh. 60,000 kabla ya faida, mahali ambapo shemeji hawezi kuzikopa.

Yako pia malipo ya mtu anayehama Kenya moja kwa moja asirudi. Wapo wanaosikia hayo wakadhani kwamba kila mwenye tiketi aweza kutoa akiba yake. Malipo hayo si ya mtu aendaye kwa mkataba wa miaka miwili.

Mtatuuliza, je, shamba la chai si pensheni? Ni kweli kwamba chai humlisha mzee. Lakini mwaka 2025 bonasi ya viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa ilishuka sana, na kila mkulima wa Litein ajua alivyoipokea habari hiyo. Tena mkulima anayepeleka majani kituoni hana mwajiri wa kumchangia. Naye pia, hata bila kuvuka bahari, aweza kujiandikisha NSSF kwa hiari.

Sasa neno juu ya karatasi, ambalo halipendezi lakini ndilo linalowaangusha watu. Barua ya kuajiriwa, mkataba, hati za mshahara, namba ya bima ya nchi ile, na barua ya kumaliza kazi: hizo zote zitiwe katika mfuko wa nailoni, na nakala zake zipigwe picha na kutumwa kwa mtu wa nyumbani. Kampuni za Ghuba hufungwa na kubadilishwa majina, na aliye na mkataba mkononi ana la kusema.

Tazameni sana majina. Majina yetu ya Kikipsigis huandikwa kwa namna nyingi. Chepng'eno wa kitambulisho huwa Chepngeno katika pasipoti, kwa sababu ile alama ya juu imeachwa. Mwingine ameandikwa na "arap" mahali pamoja na bila "arap" mahali pengine. Mwingine jina la baba limetangulia. Nyumbani sote twajua ni mtu mmoja. Karani wa Newcastle, ambako ndiko ofisi ya pensheni za Waingereza walioko ng'ambo, hajui. Yafaa majina yasawazishwe kabla ya kuondoka, kwa maana kuyasawazisha baada ya miaka thelathini huhitaji kiapo cha wakili, na kiapo hulipiwa. Tarehe ya kuzaliwa ni vivyo hivyo.

Kadhalika mume au mke ajue. Mtu akifa ng'ambo au baada ya kurudi, mjane asiyejua kwamba kuliwa na namba ya bima hataomba, na ofisi ya mbali haitamtafuta Litein. Katika NSSF mwanachama huandika jina la atakayelipwa. Kijana aliyeandika jina la mama yake kabla ya kuoa alitazame tena jina hilo baada ya kuoa.

Mwisho kuna sanduku la posta. Pensheni ya Uingereza haiji yenyewe, sharti iombwe. Na ikishaanza kulipwa, ofisi ya kule hutuma hati ya kuuliza kama mwenyewe yu hai, ambayo hutiwa sahihi mbele ya shahidi na kurudishwa. Isiporudi, malipo husimamishwa. Wengi wetu hutumia sanduku la shule au la kanisa, na barua hukaa miezi katika meza ya mwalimu mkuu. Mwenye kutazamia barua kama hiyo na akodi sanduku lake mwenyewe, na kila anapohama aandike anwani mpya.

Atakaye kujua akiba yake ya NSSF aende ofisi ya Kericho au Huduma Center, akiwa na kitambulisho na namba yake ya uanachama. Aliyeisahau namba hiyo aende na hati yoyote ya zamani ya mshahara, hata ikiwa imechanika. Na kijana anayejiandaa kusafiri aulize kwanza kama wakala wake ameandikishwa na Mamlaka ya Ajira ya Taifa, kisha adai mkataba asome ukurasa wa kiinua mgongo kabla ya ule wa mshahara.